Ruksa ilianza kabla ya Mzee Ruksa

Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, alipofariki tarehe 29 Februari 2024, nyumbani kwetu msiba wake ulipokelewa kwa namna mbili. Mama alikumbuka sabuni. Baba mdogo, ambaye miaka ya 80 alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha nguo, alimrehemu marehemu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Alikuwa mtu mwema sana, lakini kazi yangu aliondoka nayo." Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana kuupima utawala wake wa 1985 hadi 1995 si kazi nyepesi kama vijana wanavyodhani.

Asiyeishi miaka ile ni vigumu kumweleza. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika tangu 1977, mafuta yamepanda bei, mvua zimegoma, na fedha za kigeni hakuna. Sukari, sabuni, dawa ya meno na kanga vilipatikana kwa foleni, au kwa kumjua mtu wa RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa. Watu walikula unga wa njano wa msaada, ule walioubandika jina la yanga. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, wapo waliotupa bidhaa vichakani usiku ili wasikutwe nazo. Mama anasema mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, vipande vikagawanywa nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo maduka yalipojaa, watu hawakuuliza itikadi. Mitumba ikaruhusiwa, daladala zikaongezeka, mwenye dola zake akaagiza gari au vitambaa bila kuulizwa alizipata wapi. Jina la Mzee Ruksa, aliloitwa Mwinyi, lilitoka midomoni mwa watu wenyewe, na lilikuwa na mapenzi ndani yake pamoja na kejeli kidogo.

Hapa ndipo wanaomsifu na wanaomlaumu wanapokosea pamoja. Wanaomsifu husema Mwinyi alifungua mlango uliofungwa na Nyerere. Wanaomlaumu husema Mwinyi aliuvunja mlango uliojengwa na Nyerere. Lakini ruhusa ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu binafsi ilitangazwa kwenye bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha na Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu. Mwalimu alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka kadhaa na hasira zake zilijulikana dunia nzima. Hata hivyo, hazina tupu haibishani na mtu. Mwinyi alipotia saini mkataba na shirika hilo mwaka 1986, alikamilisha safari ambayo mtangulizi wake alikuwa ameshaianza kwa shingo upande.

Gharama yake lakini ilikuwa kubwa. Dola moja iliyobadilishwa kwa shilingi 17 hivi mwaka 1985 ilipita shilingi 500 alipong'atuka. Mshahara wa mwalimu na nesi ukawa wa kununulia nauli na mboga. Uchangiaji wa gharama ukaingia shuleni na hospitalini. Uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa umepita asilimia 90 baada ya kampeni ya elimu kwa wote, ukashuka. Viwanda vya nguo vilivyokuwa vikijikongoja vikakutana na mitumba ya bei ya kutupa, vikazimika kimoja baada ya kingine. Nimewahi kumwambia baba mdogo kwamba viwanda vile vilikuwa vinafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake hata kabla ya Mwinyi, kwa kukosa vipuri na umeme. Akanijibu kwamba nusu ya mshahara bado ni mshahara. Sikuwa na la kuongeza.

Kwa upande wa siasa mizani yangu inamwelemea yeye kwa wema. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, wapatao asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Serikali ingeweza kujificha nyuma ya takwimu hiyo. Badala yake ikawasikiliza wachache, na Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Magazeti binafsi yalishaanza kuchipua, televisheni ikaja Tanzania Bara mwaka 1994. Ni kweli pia kwamba tume hiyohiyo iliorodhesha sheria 40 kandamizi, na nyingi zikaachwa zilivyo. Chama tawala kiliruhusu mashindano huku filimbi ikibaki mkononi mwake. Lakini nani mwingine wakati ule angefika hata hapo bila damu kumwagika?

Ninapomshika Mwinyi shati ni kwenye jambo moja, na si la soko. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya chama tawala, CCM, ilikaa Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la enzi za Nyerere. Tangu 1967 kiongozi alikatazwa kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Masharti yale yalikuwa yanavunjwa kwa siri, hilo silibishi, na kuna hoja ya haki kwamba mwalimu mkuu mwenye kadi ya chama aruhusiwe kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Ila ulegezaji ule ulikuja bila ua mwingine wa kuziba pengo. Aliyekuwa akigawa leseni sasa angeweza kuwa na hisa kwenye kampuni inayoiomba.

Matokeo hayakuchelewa. Kitalu cha uwindaji cha Loliondo kikapewa brigedia wa Falme za Kiarabu kwa namna iliyozua zogo kubwa. Misamaha ya kodi ikagawiwa kama pipi, hadi mwishoni mwa 1994 wafadhili wakafunga mifuko yao. Na huyu ni Rais aliyeanza kwa kuahidi kupitisha fagio la chuma! Mwaka 1990 alilivunja Baraza lake la Mawaziri na kuwaacha nje baadhi yao, watu wakapiga makofi. Baada ya hapo fagio likarudi stoo.

Wanaomtetea hukumbusha kwamba mtu huyu alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa mauaji ya watuhumiwa ambayo hakuyatenda wala kuyaagiza. Uadilifu wake binafsi siutilii shaka, na nadhani hata wapinzani wake wengi hawautilii. Tatizo ni kwamba mtu mwadilifu na mpole aliwaamini walio chini yake kana kwamba nao wangejiuzulu wenyewe siku wakikosea. Hawakujiuzulu.

Na kuna kitu kimoja ambacho hapewi. Sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Mapato ilipitishwa mwaka 1995, yeye akiwa bado madarakani. Mamlaka ikaanza kazi Julai 1996, sifa za ukusanyaji kodi zikaenda kwa Benjamin Mkapa, Rais aliyemfuata. Mzee Ruksa alikuwa ameshakaa nyumbani miezi saba.