Gobi hali mchanga

Mtu anayefuga samaki wa baharini hapa Mwanza mpeni heshima yake. Tuna ziwa zima mlangoni lakini hakuna hata ndoo moja inayomfaa, na bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Maji anayatengeneza mwenyewe kwa chumvi maalumu ya akwariamu (tangi la kufugia samaki), takriban gramu 35 kwa lita. (Ya mezani, hata ikiwa ya Uvinza, haifai. Magnesiamu na kalsiamu za bahari hazimo.)

Sasa baada ya gharama zote hizo, mchanga unaanza kuota utando wa kahawia, naye anashauriwa kuhusu gobi, samaki mdogo wa baharini anayekaa chini: "Weka gobi, atakusafishia." Hapo ndipo ninapogombana na wauzaji.

Ni kweli, gobi wa jamii ya Valenciennea anachambua mchanga. Msogelee kwenye kioo umwone: anainamisha kichwa, anajaza mdomo, anainuka kidogo, mashavu yanacheza, na mchanga unamwagika kupitia matamvua kama unga kwenye chekeche. Kinachobaki mdomoni ni vijidudu vya kikrasteshia (jamii ya kamba na kaa) na minyoo midogo. Hicho ndicho chakula chake. Kinyesi cha wenzake hali, na ule utando wa kahawia unatoweka kwa sababu tu ameuvuruga.

Tangi jipya halina vijidudu hivyo, na hata lililokomaa, kama ni dogo, atavimaliza upesi. Ataendelea kuchekecha kutwa nzima. Wewe unafurahia mchanga mweupe, kumbe mwenzio anakufa njaa mbele ya macho yako. Mtazame nyuma ya kichwa: mgongo ukichongoka na tumbo likiingia ndani, umechelewa, na kumrudisha ni kazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kama huwezi kumlisha mara mbili au tatu kwa siku, usimnunue. Kamba wa baharini waliogandishwa, wasiotiwa chumvi wala viungo, wanakatwa vipande vidogo sana. Ukipata artemia (vijikamba vidogo sana) wa barafu, bora zaidi. Zima pampu ya mzunguko kwa dakika chache, kisha shusha chakula hadi chini kwa bomba la sindano lililounganishwa na kampira. Ukikimwaga juu, samaki wa juu watakimaliza, na gobi hatagombania.

Na kwa kuwa tuko Mwanza, lazima mtu aulize: dagaa je? Wale wakavu wa soko la samaki la mwaloni Kirumba ni wagumu, wanaelea, na wengine wameanikwa chini, mchanga na vumbi humo humo. Mbichi aliyekatwakatwa, siku moja moja, simkatai. Ila asiwe ndiye mlo wenyewe.

Mchanga wa ziwani pia uacheni ufukweni. Huku kwetu ni mawe ya granite, chembe zake zina kona, na samaki huyu anazipitisha kwenye matamvua siku nzima. Tafuta mchanga laini wa matumbawe, kina cha sentimita tano hivi. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe cha chini, si juu ya mchanga, maana anachimba na yatamwangukia. Mfuniko ni lazima. Akishtuka anaruka, na taa zikizimika ghafla hushtuka. Umeme wetu mnaujua.

Kama shida yako ni utando tu, unyonye kwa mpira unapobadilisha maji, na upunguze chakula kinachobaki. Na kama unachopenda ni ule uchekechaji, samaki wa jamii ya Xenotilapia wa Ziwa Tanganyika wanachekecha vilevile katika maji yasiyo na chumvi, na Kigoma ni karibu kuliko Dar es Salaam. Nao wanataka kulishwa, na maji ya kwao ni magumu (yana madini mengi) kuliko haya ya Victoria, lakini mchanga ule ule wa matumbawe utasaidia kuyarekebisha.