Ushuzi Ulioingia Kwenye Faili

Naona jamaa yangu ameshawatangazia kwamba nilikatiza wodi uchi huku nikipiga tarumbeta. Uongo mtupu. Nilikuwa na gauni la hospitali, lile la kufungwa mgongoni, ila kamba moja ilikuwa imekatika. Hilo kwanza tuelewane.

Mnanijua. Kabla ya upasuaji wa tumbo niliambiwa nitembee kila siku, nipande ngazi, nivute pumzi ndefu ili mapafu yasije yakanisumbua baada ya nusukaputi. Nikawajazia picha za ngazi mpaka mkachoka. Kichwani nilishakuwa mwanariadha.

Kesho yake baada ya kisu, nesi huyo. Leo tunatembea, damu isigande miguuni, utumbo nao uamke. Lala ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Mwanariadha nikainuka wima kama ninavyoamka kwangu. Mlio ulionitoka, wa kitanda cha jirani aliomba ahamishwe.

"Umeshajamba?" nesi akauliza. Tangu alfajiri ni hilo tu, kama ananidai; kumbe ushuzi ndio dalili kwamba utumbo umeamka.

Bado.

Tukashika korido. Mkono wa kulia, stendi ya dripu. Wa kushoto, umebana gauni nyuma. Kwapani, mto wa kukandamizia mshono nikikohoa. Madaktari wa raundi wakanipita na wanafunzi wao, wakasimama nyuma yangu kujadiliana. Na jamaa yangu ndiyo kwanza anafika kunijulia hali.

Pua ikaanza kuwasha.

Hebu pigeni hesabu nami: mikono miwili, kazi tatu. Nikiachia stendi, naanguka. Nikiacha mto, mshono unafumuka (haufumuki kirahisi hivyo, ila nimeambiwa baadaye!). Machozi yananilenga. Likabaki gauni. Nikaliaga. Nikaukumbatia mto, nikahisi upepo wa korido ukipuliza pasipostahili, nikafumba macho.

Chafya ikatoka mbele. Nyuma kukaitikia.

Haukuwa wa kuibia, jamani. Ulikuwa mrefu, una vituo. Korido nzima kimya.

"Hongera!" nesi akapaza sauti, akatazama saa, akaandika. Na mwanafunzi mmoja naye akaandika!

Nikacheka, na kumbe kicheko kinauma kuliko chafya.

Basi, nikarudishwa kitandani, siku zikapita, nikaruhusiwa. Wiki 6 sinyanyui kizito, kwa hiyo mizigo yangu anabeba huyohuyo jamaa. Kila akitua mmoja anauliza, "Umeshajamba?"