Bwawa dogo la ushago: tupime maji ama tupime watu walio chini yake?

Kenya mabwawa tunayapanga kwa ukubwa. Kanuni za maji za 2007 ziliweka madaraja matatu: A ni hatari ndogo, yaani kina cha maji hakifiki mita 5 na ujazo uko chini ya mita za ujazo 100,000, B inaenda hadi mita 15 na mita za ujazo milioni 1, ikipita hapo ni C. Wanaangalia pia ukubwa wa eneo lenye linaleta maji. Kwa hio bwawa la udongo la kawaida huko Machakos ama Laikipia, lenye lilichimbwa na kikundi cha kina mama ama mkulima aliyekodi tinga, linaangukia A na watu wanalisahau.

Wenye wanatetea huu mpango wana pointi, na mimi naiheshimu. Kina cha maji unapima kwa kamba, hakuna kubishana, na ukianza kudai injinia na ripoti ya mafuriko kwa kila kidimbwi cha ng'ombe utafanya mtu achimbe usiku bila kumwambia yeyote, alafu umepoteza hata ile rekodi ndogo ulikuwa nayo. Sisi wa Nairobi ni rahisi kusema yafungwe yote kwa sababu hatujawahi kutembea na mtungi kutafuta maji.

Lakini mita za ujazo 100,000 ni lita milioni 100, na hayo maji yakitoka kwa mpigo mmoja usiku hayajui kama yaliitwa A. Solai, Nakuru, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la Patel lilipasuka na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wakiwa kwa nyumba zao. Kuna mtu atasema Solai shida haikuwa daraja, shida ilikuwa kibali, maana mamlaka ya maji yenyewe ilisema hakikuwepo. Ni kweli, na inauma, lakini pia inaonyesha ukubwa peke yake haukuambii nani atakufa, hio inategemea kama kuna kijiji huko chini. Marekani wao wanauliza hilo kwanza, likipasuka nani ataumia, hata ukuta ukiwa mfupi.

Na hapa ndio naona mpango wetu una shimo kubwa, kwa sababu ukubwa wa bwawa haubadiliki lakini chini yake panabadilika. Mtu alijenga 1990 kukiwa na malisho tu, leo kuna ploti za futi hamsini kwa mia, kuna kanisa, kuna shule, na karatasi bado inasema A.

Kwa hio mimi ningeacha vipimo vya kujenga vile viko, alafu chifu na afisa wa maji wawe wanapita kila mwaka kabla ya mvua ndefu kuangalia nani analala chini ya ukuta. Wakiwa hapo waangalie pia vitu vinaua mabwawa ya udongo kweli kweli: njia ya kutolea maji ya ziada imeziba ama ni nyembamba, ng'ombe wamekanyaga ukuta hadi ukashuka katikati, miti na mchwa vimetoboa ndani, maji ya matope yanatoka kando ya bomba lenye linapita ndani ya ukuta. Kuweka ua na nyasi si ghali. Kupanua hio njia ya maji ndio inaweza kula pesa, na hapo sioni kwa nini alipe mkulima aliyetangulia, alipe mwenye anauza ploti huko chini, na kaunti isimpitishie mgawanyo wa shamba kabla kazi iishe.