Mvua ya Agosti

Muuza samaki wa mapambo alipotaja nguvu ya ile pampu ya tangi langu, mke wangu alikuwa amesimama pembeni anasikia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Hii inasukuma lita elfu mbili kwa saa, braza."

Mke wangu akacheka mpaka wapita njia wakageuka. Sisi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, maji ya bomba tunayapata kwa mgao, tena usiku wa manane, na tunayapokea kwa ndoo, madumu, masufuria na chochote chenye mdomo. "Sasa ikishasukuma hizo elfu mbili saa ya kwanza," akauliza, "saa ya pili itasukuma nini? Mate?"

Nikamweleza kwamba maji ni yale yale, yanazunguka tu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kina 45, yaani lita kama 180. Pampu ya lita 2,000 inayazungusha mara kumi na moja kwa saa, na pleko wengi wanapenda maji yanayokwenda kasi. Huyu ni kambale wa Amerika Kusini. Mdomo wake uko chini ya kichwa, anajibandika nao kwenye jiwe huku mto unamvurumishia maji yenye hewa tele. Wako wa aina nyingi mno, kiasi kwamba mwaka 1988 jarida moja la Ujerumani lilianza kuwapa namba zenye herufi L wale ambao wataalamu hawajawapa jina. Yule mwenye milia myeupe na myeusi wa mto Xingu, Brazil, ni L46.

"Samaki ana namba kama bodaboda," akasema mke wangu, akatangulia kwenye daladala.

Wangu hakuwa na namba. Ni yule wa kawaida mwenye vijindevu vya nyama puani, hazidi sana sentimita 15 akikua. Msikubali kuuziwa yule mwingine anayekuja mdogo wa kidole halafu anavuka sentimita 40, labda kama mna bwawa.

Kazi ilikuwa mchanga. Dodoma mchanga si wa kutafuta, makorongo yote yamejaa, na nikauchota mweupe, laini, usio na ncha za kumchubua tumbo mtu anayeishi kwa kutambaa. Nikaudondoshea siki kuona kama utatoa povu. Ukitoa povu una chokaa, na maji yetu ya visima vya Mzakwe yana chokaa ya kutosha tayari, tazama birika la nyumba yoyote hapa mjini. Haukutoa. Nikaanza kuuosha. Jamani, mchanga wa korongo hauishi udongo! Unakoroga, unamwaga tope, unakoroga tena. Mke wangu alisimama mlangoni akihesabu madumu kimya kimya, akitikisa kichwa kila lilipoisha moja. Tope lote nililimwagia mzabibu wa uani, mzabibu ukastawi, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Mawe nikayatuliza juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga mchanga, kwa sababu pleko huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga siku moja litaporomoka lipasue kioo. Maji nikayamimina juu ya sahani ili yasichimbue. Kila kitu kwa utaratibu. Mdomo wa pampu nikauelekeza juu kidogo, uchezeshe uso wa maji, maana hewa inaingilia pale juu, na maji ya joto hayashiki hewa nyingi. Kisha nikaongeza na jiwe la hewa, lile la mapovu. Kipampu chake cha hewa muuzaji alisema kiwekwe chini ya meza kisisumbue kwa mngurumo. Kikawekwa chini ya meza.

Mjomba akafika jioni hiyo kutoka Bahi, kufuatilia hati ya kiwanja. "Mbukwenyi!" ya Kigogo, shikamoo, marahaba, akakaa, akaliona tangi. Mtu wa Bahi humfundishi kambale. Akafunua kioo cha juu, akainama, akamtazama pleko kwa muda mrefu.

"Mjomba, huyu kambale amevaa bati."

"Ndivyo alivyo, mjomba."

"Analiwa?"

Nikakiri kwamba kule Amazon watu wanamla. Akamtazama upya, kwa jicho jingine. Akauliza kama mlenda upo.

Tukamtandikia godoro sebuleni, chini, mbele ya tangi. Kioo cha juu kikabaki wazi, mimi sikukigusa. Usiku umeme ukakatika.

Sasa elewa kilichotokea gizani. Kipampu cha hewa kikizima, maji huweza kurudi kwenye mpira wake, na kwa kuwa kipampu kiko chini, yakishavuka ukingo wa tangi yanateremka upande wa pili na kuendelea kujivuta yenyewe. Kuna kivalvu kidogo kinachounganishwa kwenye mpira kuzuia hilo, bei yake si kubwa, na muuzaji hakukitaja. Katika tangi langu kila sentimita moja ya kina ni lita 4. Zikashuka sentimita sita. Ni lita 24, ndoo kubwa na zaidi, na zote zilielekea godoroni.

Mjomba aliamka amelowa kiunoni. Hakusema kitu. Hili alinieleza baadaye, tena kwa sharti kwamba mke wangu asisikie: mzee mwenye wajukuu, ugenini, kwa mpwa wake, godoro limelowa chini yake. Akalala pale pale gizani, akipanga namna ya kuondoka na basi la kwanza kabla hatujaamka. Hati ya kiwanja ingesubiri.

Ndipo umeme ukarudi.

Mdomo wa pampu sasa ulikuwa nje ya maji, umeelekea juu, na lita elfu mbili kwa saa nyuma yake. Zikaruka dari, zikarudi kwa mjomba.

"MVUA!" Sijapata kusikia mtu akifurahi vile. "Mvua jamani! Inatoka juu! Inatoka JUU!"

Huku kwetu mvua tunaitegemea kuanzia mwishoni mwa Novemba, ikichelewa Desemba. Ilikuwa Agosti.

Mke wangu naye alisikia maji yakimwagika, na mwanamke wa Nkuhungu akisikia maji yakimwagika usiku hana swali. Alinipita kwenye korido na madumu mawili kila mkono, akafungua mlango, akatoka uani kwenye bomba. Bomba kavu. Jirani akapiga kelele juu ya ukuta: "Yametoka?" Wa nyumba ya tatu akaitikia kwamba yametoka. Nilipofika kwenye soketi, ndoo zilikuwa zinagongana mtaa mzima.

Nikachomoa waya. Sebule ikatulia. Mchanga ulikuwa umelundikana kona moja, nusu ya kioo cha chini kiko wazi. Pleko amejibandika kwenye jiwe lake wala hana habari, maana kwao maji ya kasi ndiyo maisha. Mjomba amekaa katikati ya godoro anachuruzika, uso umejaa tabasamu, na simu iko sikioni. Alikuwa ameshapiga Bahi.

Nikampa taulo, nikamwonyesha ule mpira na ile pampu. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta masikio.

Hata hakujapambazuka simu yake ikaita. Majirani wa kule wanauliza: wamesikia Dodoma imenyesha ya nguvu, waanze kutengeneza majaruba ya mpunga au vipi?

Mjomba akanitazama. Akalitazama godoro lililoanikwa mlangoni.

"Subirini kwanza," akawaambia. "Imenyesha Nkuhungu tu."