Siti Yenye Safari Zake

Hivi lile tuta la pale shule ya msingi waliliweka kupunguza mwendo au kunipima kiuno? Leo asubuhi tumelipanda vizuri, kushuka ndipo kila mmoja akashuka kivyake: pikipiki ikatangulia, siti ikafuata, mimi na mama Neema tukamalizia. Mama Neema hakusema kitu. Alinikamata shati mgongoni, shati nililolinyoosha kwa pasi ya mkaa maana umeme mnaujua wenyewe, akalikunjia ngumi mpaka kituo cha daladala. Alipokwisha kushuka na kujifunga kanga vizuri ndipo akatamka: "Baba Neema, hii siti ina safari zake."

Sasa mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana. Watu wazima wananikabidhi michango yao na daftari. Mtu wa cheo hicho hatakiwi kuonekana barabarani saa moja asubuhi anakatika viuno juu ya pikipiki kama yuko kwenye kigodoro.

Na siti ya pikipiki haina ugumu wowote, hilo ndilo linaloniuma. Mbele ina ulimi, unaingia chini ya kile kibati nyuma ya tanki. Chini ina mipira midogo, ndiyo inayokalia fremu. Nyuma ina bolti mbili, na kwa wenzetu waliojaliwa kuna loki ya ufunguo. Basi. Ukishika mkia wa siti ukaunyanyua na ukanyanyuka, shida iko kwenye bolti. Ukishika pua ikaenda kushoto na kulia, ulimi haumo nyumbani kwake, na hapo kaza bolti za nyuma mpaka meno yatoke jasho, utakuwa unakaza hasira zako tu. Haya nayajua mimi, mtu wa daftari na kalamu nyekundu. Fundi hayajui. Au anayajua ila hayamlipi.

Ya kwangu ilianza kucheza siku ilipotoka kwa fundi siti. Leksini ya zamani ilikuwa imechanika, mvua ikinyesha sponji inanywa maji, ukikaa unayachuma kwa suruali. Akashona mpya, nyeusi, uzi mwekundu pembeni, kila mtu akaisifia. Ila kule chini, kwenye ulimi, alikunja leksini mikunjo juu ya mikunjo akaipigilia pini za stepla, ulimi ukanenepa. Ulimi mnene hauingii kwenye kibati. Unakaa juu yake, unasubiri tuta.

Basi nikageuza moja kwa moja mpaka kwa fundi pikipiki, pale chini ya mwembe. Nikamkuta na muhogo wa kukaanga mkononi. Akaizunguka pikipiki, akaitikisa siti kwa kidole kimoja, akatikisa na kichwa kwa masikitiko.

"Mzee, nani kakufungia hii?"

"Wewe."

Akatafuna kwanza. "Mimi?"

"Wewe. Hapa hapa. Chini ya mwembe huu huu."

"Aah. Basi utakuwa umepita kwenye mashimo."

Nimepita kwenye mashimo! Jamani, tunaishi Mbagala, nipite wapi kwingine, angani?

"Dogo!" akaita. "Lete kumi na mbili!" Dogo akaleta kumi na tatu. Kumi na mbili, akasema, hatunayo. Sasa mtu yeyote aliyewahi kushika spana anajua: kumi na tatu kwenye bolti ya kumi na mbili inaingia vizuri, inazunguka vizuri, ila kinachozunguka si bolti, ni zile kona za kichwa chake zinaliwa. Fundi akachomeka ncha ya bisibisi katikati ibane. Nikasema fundi, utaila bolti. Akasema mzee, hii kazi tunaifanya kila siku. Ikaliwa. Dogo akatumwa gereji ya jirani kuazima kumi na mbili, akarudi na ujumbe kwamba kwanza warudishe plaizi yao. Ikatafutwa plaizi. Ilikuwa chini ya beseni la mihogo kwa mama ntilie, inageuzia mihogo.

Fundi akaing'olea bolti kwanza, ndipo dogo akairudisha. Siti ikatoka. Chini yake mlikuwa na vumbi, majani ya mwembe na risiti za petroli za enzi ambazo sitaki kuzikumbuka kwa sababu ya bei. Mipira ulibaki mmoja, umekauka na kupasuka. Mingine matundu yake yapo, wenyewe wamehama. Nikasema fundi, hapa tunahitaji mipira, Kariakoo inauzwa. Akanijibu kwa upole, "Kariakoo mbali, mzee. Tutatengeneza." Halafu akaniangalia miguuni.

Nilikuwa na viatu vya ngozi, namshukuru Mungu. Akahamia miguu ya wengine, mmoja mmoja. Mama ntilie akaificha yake chini ya benchi. Mzee aliyekuwa anacheza drafti akanyanyua miguu bila kutoa macho kwenye kete. Hapo ndipo dogo alipotokea na ile kumi na mbili, anafurahi, kapata. Alikuja na ndala mbili, akabaki na moja.

Wakati ndala inakatwa kwa kisu cha mihogo, washauri walikuwa wamekwisha kusanyika. Mzee wa drafti alisema tyubu ndiyo mpira, ndala ni sponji tu, ukiikalia inalala. Alikuwa sahihi, na ndiyo maana hakuna aliyemsikiliza. Kijana wa bodaboda alisema yake ameifunga na mpira wa mizigo kuzunguka fremu na hajawahi kulalamika. Mwingine alinishauri niiuze.

Basi vikawekwa vipande vya ndala, vinene, na siti ikawa juu mno. Matundu ya bolti hayaonani. Fundi akasema, "Mzee, panda ukae." Nikapanda, nikakaa. "Kaa kwa uzito." Nikamwambia nimekaa kwa uzito wote niliojaliwa. Akamwita kijana wa bodaboda akae nyuma yangu. Bado. Akaitwa mzee wa drafti, akakataa, akabembelezwa, akapanda na kete yake mkononi asije mtu akamwibia mchezo. Tukawa mishikaki, watu watatu juu ya pikipiki iliyosimama kwenye stendi kubwa, fundi yuko uvunguni na bolti. "Rukeni kidogo!" Tukaruka kidogo. "Tena!" Tukaruka tena.

Nani apite? Mwenyekiti wa kikundi. Na mwavuli wake, na bahasha ya kaki.

Akasimama. Akatuangalia, mimi mbele, bodaboda katikati, mzee nyuma, tunapanda na kushuka.

"Mweka hazina," akasema, "mnaelekea wapi?"

"Hatuelekei popote, mwenyekiti. Tunatafuta tundu."

Akaitikia "Haya" ya taratibu, ile ya mtu anayeweka neno akiba, akaenda zake.

Bolti ya kushoto iliingia, fundi akaikaza mpaka mwisho kwa furaha. Ya kulia ikagoma. Bila shaka ingegoma! Bolti mbili zinaanzwa zote kwa vidole, zikishashika uzi ndipo spana inaingia, huku kidogo na kule kidogo. Ukimaliza upande mmoja umeshavuta siti yote upande huo. Yeye akaisukumia kwa nguvu, ikaingia upogo, ikala uzi, akasema hii sasa haitoki milele. Halafu akafungua kiganja: wosha mbili za springi. "Hizi zimebaki, mzee. Weka akiba." Zimebaki! Zimekaa kwenye pikipiki tangu kiwandani, ndizo zinazozuia bolti isilegee kwa mtikisiko, leo zimekuwa za akiba.

"Na ulimi?" nikauliza.

"Ulimi upi?"

Nikamwonyesha. Akauchungulia, akakubali kwamba kweli umenenepa. Akasema hiyo ni kazi ya fundi siti. Nikaenda kwa fundi siti, yuko nyumba ya nne tu. Naye akauchungulia, akasema hiyo ni kazi ya fundi pikipiki, yeye kazi yake inaishia kwenye mshono. Na mshono haujafumuka, umefumuka?

Elfu tano imetoka, buku mbili ya ndala ya dogo juu, trafiki kanisimamisha njiani kuniuliza mbona nimekaa juu sana, na kazini nimefika saa nne.

Lakini mimi sichekeshi, jamani. Juu ya siti hiyo anakaa Neema akienda shule, na miguu yake haijafika kwenye vikanyagio. Anashikilia mkanda wangu. Kazi ni kung'oa pini chache, kupunguza leksini kwenye ulimi, kuweka mipira ya mia chache na wosha zilizokuwepo. Hakuna hata kimoja kinachohitaji werevu! Kinahitaji mtu mmoja tu ainame amalize alichoanza, na huyo mtu mimi sijampata mjini hapa, si kwa siti, si kwa bomba, si kwa mlango wa choo unaofungwa kwa kipande cha gazeti.

Na jioni kuna kikao cha kikundi. Mwenyekiti kaandika kwenye grupu "saa kumi kamili", maana yake saa kumi na mbili, na ajenda ya kwanza eti ni mwenendo wa viongozi. Sawa. Mimi nitaanza na vile viti vya plastiki vilivyokodishwa harusini, vikarudi vitano havina miguu, na mkodishaji ni shemeji yake mwenyekiti. Tuone nani ataruka.