Amu ihesabiwe, na hesabu isomwe barazani

Asubuhi moja, kusi ikivuma na mashua zimefungwa pwani, nilifuatana na jirani yangu katika vichochoro vya nyuma ya mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Yeye ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya laki moja waliokabidhiwa mikoba na serikali ya Kenya Septemba 2023. Mkobani mna mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Simu ya kujazia majibu ameishika mkononi. Amepangiwa nyumba mia hivi. Tukapiga hodi kwenye daka, ukumbi wa mlangoni wa nyumba ya mawe, bibi mwenye nyumba akatukaribisha hadi kiwandani, yaani ua wa ndani, na swali la kwanza likatoka: humu mnaishi watu wangapi?

Bibi akafikiri kidogo. "Mwanangu, waniuliza wanaolala au wanaokula?"

Hakuwa akikwepa. Juu anakaa binti yake mkubwa na mume, kwa kuwa hapa kwetu nyumba hupewa binti na mume ndiye anayehamia. Binti wa pili ameolewa mtaa wa pili lakini mchana kutwa yuko hapa na watoto, chungu ni kimoja. Chini kuna mpangaji kutoka bara, anapika chake, ila choo na kisima ni hivyo hivyo vya nyumba. Mjukuu ni mvuvi, msimu wa kaskazi hulala visiwani kwa wiki nzima, msimu wa kusi yumo ndani. Simu ilitaka tarakimu moja na jina la mkuu wa kaya. Jirani yangu akaandika saba, na jina la mkwe.

Nimelibeba swali la bibi tangu siku ile, maana mjini sasa kuna mjadala: je, kila mtaa wa Amu uchorewe picha yake ya afya nyumba kwa nyumba, wako wangapi, wanaishi vipi, wanaumwa nini, wanakunywa maji gani? Wako wanaosema ndiyo na haraka, na wako wanaofunga mlango wakiliona koti la mhamasishaji. Mimi nasema ihesabiwe. Lakini wanaofunga mlango nao wana hoja zinazostahili kusikilizwa hadi mwisho.

Hoja yao ya kwanza ni uchovu. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kuta zetu zimepimwa kuliko presha zetu. Tumepimiwa milango, tumechorewa mapaa, tumeulizwa kuhusu bandari mpya kabla gati la kwanza halijafunguliwa Mei 2021 na baada ya hapo. Mtu aliyejibu maswali mara sita bila kuletewa hata karatasi moja ya majibu, akikataa mara ya saba, si mjinga. Amejifunza.

Ya pili ni sitara, na hii ndiyo nzito. Mwaka 2015 ilitoka amri ya rais iorodheshwe idadi ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na taarifa zao. Mahakama Kuu iliibatilisha Desemba 2016. Tangu 2019 nchi ina sheria ya kulinda data za watu. Sheria hiyo inafikiria zaidi kompyuta na wizi wa taarifa, na hapa Amu taarifa haziibiwi kwa kompyuta. Anayekuuliza ni jirani. Huenda ni shemeji wa mwanao, au mama wa kijana aliyekuja kuposa. Serikali ilichagua mtu wa mtaani kwa sababu anaaminika na milango yote anaijua, na kwa sababu hiyo hiyo kuna mambo ambayo hataambiwa kamwe: mwana anayetumia unga, yaani dawa za kulevya, binti aliyepatwa na mimba, baba ambaye akili imemruka na anafungiwa chumbani. Utaulizwa kama nyumba hii ina mgonjwa, utajibu alhamdulillahi, na ukurasa utaonyesha nyumba safi. Hesabu ya namna hiyo ina madhara kuliko kutohesabu, kwa kuwa anayeisoma Nairobi ataamini kuwa Langoni hakuna mwenye shida ya unga, na fedha za huduma ataziweka kwingine.

Ya tatu inahusu pesa. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya inamtaka asiye na mshahara aulizwe kuhusu hali ya nyumba yake, ukuta wa nini, paa la nini, choo cha aina gani, ili akadiriwe mchango wake, ambao haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Fikirieni maswali hayo yakija Amu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kwingine nchini ni dalili ya mwenye nacho. Hapa ndani ya ukuta huo mara nyingi yumo mjane asiye na kipato, nyumba ni ya urithi wa watu kumi na wanne, haiuziki na haikarabatiki. Paa la makuti kwingine ni dalili ya umaskini. Nenda Shela ukaangalie makuti yalivyo juu ya nyumba za wageni zenye bwawa la kuogelea, kisha urudi Wiyoni uyaone juu ya kibanda. Ni makuti yale yale. Basi watu wanapoona simu inaandika aina ya ukuta, wanahisi wanapandishiwa mchango, hata kama yule aliyeishika amekuja kwa ajili ya presha tu.

Na kuna wale wanaosema kwa kifupi: tunajua tunachohitaji, tupeni maji. Mji unakunywa kutoka kwenye visima vilivyo chini ya mchanga wa vilima vya Shela. Bomba likikauka tunarudi kwenye visima vya ndani, ambavyo vina munyu, na ambavyo katika mji uliobanana kama huu haviko mbali na mashimo ya vyoo ya tangu enzi za mababu. Hili halihitaji utafiti, wanasema.

Kwa miaka mingi niliwaunga mkono hawa wa mwisho. Kilichonigeuza ni mwaka 2004.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mvua ziligoma, watu wakajaza kila chombo walichonacho na kuyahifadhi maji kwa siku nyingi. Ilipofika Julai, nyumba haikukosa mtu aliyelala na homa, viungo vimekaza, mtu hawezi kushika kikombe. Tulidhani ni malaria ya aina mpya. Ilikuwa chikungunya, neno lililotoka kwa Wamakonde, la kujikunja kwa maumivu. Oktoba watafiti wakapita mitaani, wakawapima damu watu 288. Robo tatu walikuwa wameambukizwa. Kwa hesabu ya kisiwa kizima wakati ule, hao ni kama watu 13,500. Wengi wao hawakuandikwa popote, walilala nyumbani wakakandwa mafuta. Kutoka Amu ugonjwa ulishuka Mombasa mwaka ule ule, na 2005 ukawa umeshafika Ngazija na kwingineko bahari ya Hindi.

Vitabu vya hospitali visingeweza kutuambia hivyo. Na si mwaka ule peke yake. Hospitali yetu ya kaunti hupokea mama wajawazito wanaovushwa kwa boti kutoka Faza, Kizingitini na Kiwayu. Ukisoma daftari lake unasoma ugonjwa wa visiwa vyote, tena wa wale tu waliopata nauli. Mtaa wa Gadeni humo huuoni. Mbu waenezao chikungunya wao wanaishi Gadeni, ndani ya pipa, wanauma mchana, na hawaendi mbali na pale walipozaliwa. Ugonjwa wa aina hiyo huwezi kuupambanua kwa wastani wa kaunti.

Wastani wenyewe ni wa nani? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima, kutoka 101,539 mwaka 2009. Ongezeko la zaidi ya 42,000 kwa miaka kumi. Tarakimu hiyo inamchanganya mkulima wa Mpeketoni, Mboni wa vijiji vya msituni, mvuvi wa Pate na mpangaji wa Langoni. Mkomani kwenye magorofa ya mawe na Wiyoni kwenye vibanda ni mwendo mfupi tu, lakini maji, moshi wa jikoni, hatari ya moto na idadi ya watoto chumbani ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukiwajumlisha unapata mtaa ambao haupo.

Presha na sukari nazo zinadai kuhesabiwa mlangoni. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Siku ile kiwandani, baada ya maswali, bibi alifungwa mkanda wa mashine. Jirani yangu aliangalia namba, akairudia kupima, akanyamaza, kisha akamwambia taratibu: "Mamangu, kesho twende pamoja zahanati." Bibi hakuwa na kizunguzungu wala maumivu ya kichwa. Angeulizwa kama ni mgonjwa angesema hapana, na angekuwa mkweli.

Kilifi, saa chache kusini mwetu, wamekuwa wakihesabiwa hivi tangu mwaka 2000. Eneo la kilomita za mraba 891, watu zaidi ya laki mbili na nusu, wanatembelewa tena na tena mwaka hadi mwaka: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Chanjo ya nimonia ilipoanza kutolewa nchini 2011, huko ndiko ilikoweza kuonekana kwa ushahidi kuwa watoto wanaougua wamepungua. Sisemi Amu tuige. Ule ni mradi wa watafiti wenye fedha zake, na huko nako watu wameuliza faida inarudi kwa nani. Nasema tu kwamba kuhesabiwa kwa uvumilivu kunazaa kitu, ikiwa anayehesabu harudi kila mara na maswali mapya ya kutoka mbali.

Basi wenye hoja ya maji nawajibu hivi. Kweli tunajua tunataka maji. Hatujui ni nyumba ngapi za Langoni zinazokunywa kisimani wakati wa kiangazi, kisima kiko hatua ngapi kutoka chooni, na watoto wangapi huharisha mwezi ule. Anayekwenda kwenye kikao cha bajeti ya kaunti bila tarakimu hizo huambiwa ahsante, tumesikia. Nimehudhuria vikao hivyo, na neno hilo nimelisikia mara nyingi.

Wenye hoja ya sitara siwezi kuwajibu kwa wepesi hivyo, kwa sababu wana haki. Naona yako mambo ambayo jirani hapaswi kuyauliza mlangoni hata akiamrishwa. Unga ni mojawapo. Malindi walifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, mwaka 2015, na kupanga huduma kama hiyo kunataka makadirio ya idadi, hakutaki jina la mtu wala nyumba yake. Hayo yaulizwe na mgeni, faraghani, bila jina. Jirani abaki na presha, sukari, chanjo, mimba ya aliye tayari kuisema, na maji.

Na maswali yatungwe hapa. Wanaolala waandikwe mbali na wanaokula, kwa kuwa kifua kikuu kinafuata chumba cha kulala na njaa inafuata chungu. Kaya ihesabiwe kusi na ihesabiwe tena kaskazi. Atakayepita Januari peke yake, bahari imetulia na wageni wamejaa, atauona mji ulioshiba.

Ila jambo ambalo kwangu halina mjadala ni kurudi. Kabla hesabu haijapanda kwenda kaunti, isomwe mtaani. Baada ya swala ya alasiri, barazani kwa wanaume, na kwenye kikao cha kina mama kwa kina mama, kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa bila jina la mtu. Kuna wanaohofia kwamba mtaa utapakwa tope, kwamba Wiyoni itaitwa mtaa wa kuhara na mgeni akisikia visima vina uchafu hatakuja. Hofu hiyo naielewa, watu wengi hapa wanakula kwa mgeni. Lakini 2004 tulinyamaza kwa kutokujua, na wageni waliugua pamoja nasi. Tena mtaa unaposomewa hesabu yake unaisahihisha. Bibi yule angesema pale pale: saba si kweli, na mkuu wa nyumba hii si mkwe wangu, ni mimi.

Tulipokuwa tunatoka, nilichungulia chooni. Birika la zamani, lile tangi la kuwekea maji, lilikuwepo, na ndani yake samaki wadogo wawili wakizunguka, kama walivyowekwa na wazee wetu ili wale viluwiluwi vya mbu. Pembeni, kwa kuwa bomba halijatoa maji siku tisa, palikuwa na mapipa matatu ya plastiki, wazi. Nikamuuliza jirani yangu kama simu ina swali la samaki. Akaipekua, akatikisa kichwa. Kisha akatoa daftari la shule mkobani, akaandika ukurasa wa nyuma kwa kalamu: birika 1, samaki wapo, mapipa 3, samaki hakuna, vifuniko hakuna. Kurasa nne zilizotangulia zilikuwa zimejaa mistari kama huo, nyumba baada ya nyumba, na hakuna mtu wa kaunti aliyewahi kumwomba alifungue.