Jamani, sikuwa nikicheza rumba

Kwa kuwa Katibu wa kikundi chetu ameshaifikisha hadithi yangu ya hotelini Kisumu mpaka Mumias, na leo asubuhi kinyozi amenipokea kwa kukata viuno, acheni niiseme mwenyewe. Kwanza, sikuwa nikicheza rumba. Pili, sikuwa uchi kabisa, nilikuwa na povu. Tatu, mama mkwe hakuzirai. Alikaa chini kwa haraka, basi. Hayo mengine yote aliyoyamwaga Katibu kwenye kikundi ni kweli, na ndiyo maana yanauma.

Habari ya zile pointi zangu za hoteli mnaijua, nimewachosha nayo mwaka mzima. Kazini wananituma semina, semina inalala hotelini, mwajiri analipa, nami nikifika mapokezi nataja nambari yangu ya uanachama bila kupepesa jicho. Wenzangu huondoka na sabuni na slipa za chumbani. Mimi huondoka na pointi. Hapa Kenya tulizoea pointi za simu, zile za Bonga, unatumia shilingi 10 unapewa moja, unazihifadhi mpaka unazisahau. Za hoteli zina heshima zaidi: zikijaa, unalala bure. Ubaya wake zina tarehe ya kufa, na zangu zilikuwa mahututi. Nikamwambia mama watoto ajiandae, wikendi hii tunateremka Kisumu, Milimani, kwenye hoteli ndogo ya kifahari, ile aina ambayo hakuna vyumba viwili vinavyofanana na kila kona kuna kibuyu kimetiwa taa.

"Bure?" akauliza.

"Bure."

"Hata chai?"

Hapo nikajifanya napokea simu, maana masharti nilikuwa nimeyapitia juu juu.

Chai haikuwemo. Binti wa mapokezi alitueleza kwa upole kwamba pointi zimelipia chumba, chakula kinajitegemea, na tena niweke amana kidogo kwa M-Pesa kwa ajili ya "vitu vidogo vidogo", nitarudishiwa nikitoka. Nikauliza vitu gani. Akasema mathalani maji ya kwenye friji. Mama watoto akausogeza mkoba wetu nyuma kwa mguu, kwa sababu ulikuwa na maji tuliyotoka nayo Kakamega, na mandazi.

Tukaletewa menyu. Ngege mmoja, samaki wa ziwani, na ugali wake, bei ambayo sitaiandika hapa, shangazi yangu anasoma. Chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi: bei imejumuisha VAT asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2. Mama watoto akaifunga menyu polepole, akasema hiyo asilimia 18 peke yake ni nauli ya bodaboda mpaka Dunga na kurudi. Akavaa raba, akaenda zake ufukweni kula samaki anayemwona kwa macho akitoka kwenye mtumbwi. Mimi nikabaki. Hodhi la kuogea lilikuwa ndani ya pointi, na mimi kitu kilicholipiwa sikiachi.

Sasa nisikilizeni kuhusu hicho chumba. Hodhi lenyewe haliko bafuni, liko chumbani, waziwazi, karibu na kitanda, limeelekea ukuta wa kioo kutoka sakafuni hadi darini. Nje ya kioo, ghorofa moja chini, kuna bwawa la kuogelea na meza za chakula, na mbali kule ziwa, ambalo siku hiyo lilikuwa kijani kwa magugu maji. Na mapazia yanatumia stima. Ukichomeka kadi ya mlango kwenye kijisanduku cha ukutani, chumba kinajua mgeni amefika: taa zinawaka, televisheni inaandika jina lako, muziki unaanza, na mapazia yanajifungua yenyewe ili uone ziwa. Kijana aliyetusindikiza aliturudia onyesho hilo kwa raha zake zote. Ukitaka kuyafunga, kuna kitufe chenye picha ya mwezi. Nikabonyeza mwezi, mapazia yakafunga, nikajaza maji, nikamwaga ile chupa ya sabuni yote. Niliilipia.

Huko chini nikasikia akina mama wanaimba. Chama, kile cha akina mama kuchangiana pesa, nikajisemea. Jumamosi gani hoteli ya Kisumu ikakosa chama? Wakamaliza wimbo, mmoja akashika maikrofoni akaanza kuombea chakula. Sikuitambua sauti. Spika za hoteli humgeuza mtu yeyote kuwa askofu.

(Mnaouliza kwa nini mama watoto hakujua mama yake yuko Kisumu: alijua. Alijua "mama ana mambo ya chama huko mjini." Kisumu ni jiji, hakuna aliyefikiria jiji zima lingetukutanisha mlango mmoja.)

Stima zikapotea.

Chumba kikawa giza totoro, maana mapazia yale yameshonewa kitambaa cheusi kwa nyuma. Maikrofoni nayo ikakatika katikati ya sala. Nikasubiri kidogo, maji yakaanza kupoa, nikaamua kutafuta taulo. Taulo zilikuwa kitandani, zimekunjwa zikawa bata wawili wanaobusiana. Nikatoka, povu mpaka kifuani, mikono mbele, nikipapasa. Nilipogusa kitambaa kizito nikafurahi, nimefika kitandani. Kumbe nimefika dirishani.

Kule nyuma ya jikoni jenereta likakohoa. Nikashukuru. Kweli kabisa, nilisema "asante Yesu" kwa sauti.

Kadi ilikuwa bado ukutani. Stima ziliporudi, chumba kikaamini mgeni ndio kwanza anaingia.

Taa zote, pwaa. Rumba, juu kabisa. Na mapazia yakaanza kuachana hapo hapo puani pangu, kutoka katikati, zzzzz, bila haraka yoyote, kama pazia la kanisani usiku wa igizo la Krismasi. Kwanza nikaona ufito wa mwanga. Kisha maji ya bwawa, buluu. Kisha kitambaa cheupe cha meza, sinia la chapati, sinia la kuku. Kisha vitenge, vyote sare, zambarau na manjano, vichwa vimeinama. Na pale mwisho wa meza, amesimama, maikrofoni imerudi na uhai mkononi mwake, macho ameyafumba, mama mkwe wangu.

"...na utufungulie, Bwana," spika zikasema, "hata yale tusiyoyaona."

Wasiotoka kwetu hawataelewa. Mimi na huyu mama hatujawahi kushikana mikono. Akija kwa njia, mimi naingia kwenye mahindi. Nikila kwake, nakula chumba kingine. Hata harusini tulipigwa picha tukiwa na mzee mzima katikati yetu.

Lakini macho yalikuwa yamefumbwa! Meza nzima! Nilikuwa na nafasi mpaka "Amina", na mama yule ninamjua, sala zake ni ndefu. Nikashika pazia nikalivuta lifunge. Likakubali. Yale mapazia, nilikuja kuelezwa baadaye, ukiyavuta kidogo tu mota inaelewa na kuendelea yenyewe upande uliovutia. Likawa linafunga, zzzzz, nami nikitembea nalo pamoja, ubavu kwa ubavu. Ingeisha hapo. Ila kigae kilikuwa na sabuni, sabuni ile ile niliyosema nimeilipia. Mguu wa kushoto ukaondoka. Nikaning'inia kwenye pazia, pazia likavutika kurudi, na mota, kwa utiifu, ikaelewa nataka lifunguke.

Hapo ndipo Katibu anapopaona rumba. Mtu anayeteleza, akajizuia, akateleza tena huku amekumbatia pazia linalotembea, kiuno hakiwezi kutulia. Na muziki ulikuwepo, siwezi kuukana. Lakini nia haikuwepo.

"Amina," spika zikasema.

Wakafumbua macho. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kijiko kimoja kilianguka. Nilikuwa nimeshasimama wima, nimejikinga kwa kile nilichokipata mezani, kadi ya karatasi ngumu iliyoandikwa "Karibu mwanachama wetu wa daraja la Fedha", ambayo, niwaambie wale mnaopanga kwenda, si kubwa. Bado nikatumaini. Kwa mbali, kwa povu usoni, naweza kuwa mtu yeyote. Akina mama wa chama kile wengi hawanijui.

Mmoja wao, mwenye miwani, akanyoosha kidole juu ya bega langu, kwenye televisheni, akasoma kwa sauti, taratibu, silabi kwa silabi, akianzia "Karibu, Bwana", akamalizia kwa majina yangu yote matatu.

Ndipo mama mkwe akakaa.

Mengine ni ya haraka. Nililala chini nikatambaa mpaka kwenye kadi nikaing'oa. Wakahamishia chakula ukumbini. Mama watoto alirudi ananuka samaki wa Dunga, akasikia kisa kutoka kwa askari wa getini kabla ya kunifikia mimi, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, halafu akakumbuka yule ni mama yake akaacha. Usiku nilioulipia kwa pointi niliulala nimevaa suruali. Mke wa Katibu ndiye mweka hazina wa chama kile, kwa hiyo msinipigie simu kuuliza habari zilivujaje. Wazee wamekaa, mbuzi ametajwa, na blanketi, na bado wanajadili kama povu linahesabika kuwa nguo. Baba mdogo ananitetea kwamba linahesabika.

Meneja alituma barua ya kuomba radhi, na amana yangu yote imerudi, na juu yake wameniongezea pointi za kulala tena usiku mmoja. Sikumwambia mtu. Jana mama watoto ametoka kwao Mbale na ujumbe. Mama hataki kuzungumzia yaliyotokea. Hataki hata kusikia nimesema pole. Anauliza tu hizo pointi mpya zinaweza kuhamishiwa chama, kwa sababu chakula kilikuwa kitamu na wanataka kulala huko Desemba.

Nimesoma masharti, safari hii neno kwa neno. Pointi hazihamishwi kwa mtu mwingine. Nimempigia meneja, nimemwambia zitahamishwa, akitaka anipeleke mahakamani, nami nitaleta mashahidi wangu wote wakiwa wamevaa sare.